Vipimo vya Mtaa Mzima

Mtaa mzima ulimwita Mama Tepu, kwa sababu tepu ya kupimia haikumtoka shingoni. Alipika nayo, alikwenda nayo sokoni, na marehemu mumewe alizoea kusema kwamba alioa mke mmoja na nyoka mmoja wa manjano. Alikuwa fundi cherehani wa nguo za kike, na si fundi wa kubahatisha. Gauni likitoka mkononi mwake lilimkaa mtu mpaka ungedhani gauni ndilo lililotangulia kuzaliwa, mwenyewe akakatwa baadaye kulifuata.

Lakini ukimsifia mshono hakushtuka. Mshono alijua anaujua. Alichojivunia hasa ni mdomo wake. Miaka yote aliyopima wanawake nyuma ya pazia la chumba chake cha kazi, hakuna kiuno kilichowahi kutoka nje ya pazia lile. Alijua nani kanenepa na anasingizia kwamba nguo imepungua kwa kufuliwa. Alijua bibi harusi yupi aliongezewa nafasi tumboni, na kwa nini. Alijua mke wa nani anatembea na sponji kwenye nyonga na mume anajisifu kwa sponji hizo barabarani. "Mficha uchi hazai," aliwaambia wateja wenye haya, "na mficha kiuno hashonewi. Vua, mwanangu. Macho haya yanaona nguo tu."

Alikuwa na utaratibu wake. Nje ya pazia palikuwa na benchi la wanaosubiri, na benchi lile halikukosa masikio. Kwa hiyo kila alipozungusha tepu kwenye kiuno cha mtu, Mama Tepu alitaja namba kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, ila namba yenyewe alikuwa ameshaipunguza inchi mbili. Mwenye kiuno alitabasamu, benchi likaguna kwa husuda, kisha Mama Tepu akatoka, akaketi mbele ya laptopu yake iliyogeuziwa ukutani, akaandika namba ya kweli. Hakumweleza mtu jambo hili. Ndiyo maana wanawake wa mtaa ule walisifika kwa wembamba, na wageni waliokuja harusini walishangaa kidogo.

Laptopu ile ilikuwa kuukuu. Kifuniko chake kilikuwa na mikwaruzo ya pini, na kitufe cha herufi M kilikwama mpaka ukipige mara mbili. Mwanawe wa pekee alipomletea mpya, Mama Tepu aliiweka ya zamani kando na kukumbuka kwamba alikwishaiahidi kwa mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Redio. Jina lake la kuzaliwa lilishasahauliwa hata na waliompa. Aliuza manukato na mafuta ya kujipaka katika duka la pembeni, na habari ikiingia dukani mwake asubuhi, mchana ilikuwa imeshafika kwa mwenye habari mwenyewe ikiwa na mikono na miguu. Hakuwa mtu mbaya. Ukiugua alikuwa wa kwanza kuja na chupa ya maji ya moto, na wa kwanza kueleza unaumwa nini. Mbele ya benchi lililojaa alikuwa amesema, "Shoga, ukipata mpya, hiyo ya zamani niuzie mimi, nataka ya kufanyia hesabu za duka." Mama Tepu akakubali bila kufikiri, kama mtu anavyokubali kuazimisha ufagio. Hapo Redio akakipapasa kile kifuniko chenye mikwaruzo.

"Hii imewaona wote," alisema. "Ingejaliwa mdomo, tungelala njaa kwa kusikiliza."

Benchi likacheka. Mama Tepu naye akacheka, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno. Redio alikuwa wifi yake mwalimu mkuu.

Na mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa mzigo wa moyoni mwa Mama Tepu. Mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyeongoza shule ya msingi mwisho wa barabara na ambaye watoto wakimwona kwa mbali walichomeka mashati. Miaka kadhaa nyuma alisafiri "kwa mafunzo", na aliporudi alikuja kwa Mama Tepu jioni moja akasimama nyuma ya pazia, akavua blauzi bila neno. Upande wa kushoto madaktari walikuwa wameondoa titi lote. Mumewe alijua, na sasa fundi wake. "Sitaki kupewa pole kila nikipita," alisema. "Nataka watoto waendelee kuniogopa." Tangu siku ile Mama Tepu alimshonea bitana maradufu, na ndani ya bitana mto mdogo wa pamba alioupunguza na kuuongeza mpaka mabega yote mawili yakakaa sawa kama mizani ya duka la haki. Hakuna mtu aliyewahi kushtukia. Wifi mtu alikuwa akihisihisi tu, akimtazama sana kifuani wakati wa salamu, na zaidi ya mara moja alishamuuliza Mama Tepu kama mwalimu "yuko sawa kweli".

"Yuko sawa kuliko mimi na wewe," Mama Tepu alimjibu kila mara.

Angeweza kuvunja ahadi ya laptopu. Angesema imeharibika, imeibwa, imeliwa na panya. Lakini alimjua Redio. Kumkatalia sasa kungekuwa sawa na kumjibu lile swali. Basi akaamua kuiuza, na kabla ya hapo aisafishe kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata hapa ilikuwa yeye.

Mwanawe alimhamishia kila kitu kwenye mashine mpya. Mama Tepu akahakikisha, faili kwa faili, kwamba vyote vimefika salama. Kisha akarudi kwenye ile ya zamani na kulitafuta lile folda alilokuwa amelipa jina la "Risiti za Umeme" ili kila mwenye udadisi achoke kabla ya kulifungua. Akachagua vyote, akafuta. Akaenda kwenye kile kikapu cha taka cha kwenye skrini, akakimwaga nacho. Skrini ikabaki nyeupe kama shuka. Mama Tepu akanawa mikono, kwa kweli akanawa kwa sabuni, na kujiona mtu aliyemaliza kazi.

Jumamosi mkamwana wake alikuja kumsalimia. Hapa lazima tuseme ukweli: Mama Tepu alimpenda mke wa mwanawe, lakini hakumwamini hata kwa uzi. Binti alikuwa anacheka mno. Kicheko chake kilianzia uani kikasikika mitaa miwili mbele, na kwa Mama Tepu mtu mwenye kicheko kisicho na mlango hawezi kuwa na mdomo wenye komeo. Isitoshe, alipokuwa mgeni katika ukoo aliombwa ashone kifungo kwenye shati la mumewe, akakishona vizuri sana, pamoja na mfuko, mpaka mume akashindwa kuingiza kitambaa. Kazi yake ilikuwa ofisini, ya kutunza kompyuta za watu. Mama Tepu aliwaambia majirani kwamba ni kazi nzuri, kwa sauti ile ile ambayo watu husema mtoto wa fulani ana afya, wakikosa sifa nyingine ya kumpa.

"Mama, hiyo ndiyo inakwenda kwa Redio?" mkamwana aliuliza akiitazama laptopu juu ya meza ya kukatia.

"Ndiyo. Usijali, nimeshaifuta. Maji yakimwagika hayazoleki."

Mkamwana alicheka. "Haya yanazoleka, mama."

"Yanazolekaje? Nimemwaga na kikapu chenyewe."

"Ukifuta, mashine haifuti. Inabandua lebo tu. Ni kama pale kwenye rafu yako: ukitoa kile kikaratasi kwenye jora la kitambaa, jora limeondoka?"

"Liko pale pale."

"Liko pale pale mpaka uweke lingine mahali pake. Nikuonyeshe?"

Mama Tepu alisema amwonyeshe, kwa sauti ya mtu anayemruhusu mtoto apande mti ili aanguke ajifunze. Mkamwana akatoa kwenye mkoba wake kidude cha kuhifadhia, akakichomeka, akaanzisha programu yake, akakunja mikono. Mama Tepu akarudi kwenye cherehani. Alikuwa bado hajamaliza pindo la sketi moja aliposikia kicheko kikianza, safari hii kikiwa cha mshangao.

"Mama. Kumbe kiuno changu cha harusi hakikuwa kile."

Mama Tepu aliacha mguu wake juu ya kanyagio. Kwenye skrini, safu kwa safu, walikuwa wamefufuka: bibi harusi wa tumbo, mke wa sponji, wale wembamba wote wa mtaa, na kila mmoja na inchi zake halisi.

"Nakumbuka vizuri ulivyotaja," mkamwana aliendelea, akifuta machozi ya kicheko. "Mama yangu mzazi alijisifu mwaka mzima. Ulinipunguzia?"

"Nimewapunguzia wote. Ni heshima tu."

"Inchi mbili mbili?"

"Tumbo la mtu si la kutangazwa."

Binti alikuwa akicheka bado, na kidole chake kikagusa faili la juu kabisa, lile lililofanyiwa kazi mwisho. Likafunguka. Lilikuwa la mwalimu mkuu. Halikuwa na maneno mengi. Namba, kisha kwa maneno ya Mama Tepu mwenyewe: *kushoto hakuna kitu baada ya upasuaji, mto wa pamba ndani ya bitana, asijue mtu hata wifi yake.*

Kicheko kilikatika kama uzi. Mkamwana akafunga faili haraka, akafunga na programu, akabaki akitazama vidole vyake.

Mama Tepu alikaa kwenye stuli. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Maisha yake yote hakuwahi kumfunulia mtu pazia, na leo amemvua nguo mwalimu mchana kweupe, tena mbele ya mtu anayecheka kuliko wote aliowajua. Na hilo lilikuwa jaribio tu. Kama si Jumamosi hii, wiki ijayo aliyekaa mbele ya skrini angekuwa Redio.

"Sikuona, mama," mkamwana alisema.

"Umeona."

"Nimeona. Lakini sikuona."

Mama Tepu alimtazama vizuri. Akachukua kipande cha kitambaa kilichokuwa na mshono uliofumuliwa, akakinyoosha kwenye mwanga wa dirisha. "Ukifumua mshono," alisema taratibu, "uzi unatoka, lakini matundu ya sindano yanabaki. Fundi mwingine akiyafuata anajua ulishona nini. Ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo hivyo hasa. Dawa yake ni kushona juu yake mishono isiyo na maana, kitambaa kizima, mpaka matundu ya zamani yasijulikane tena."

"Basi shona."

Mkamwana alishona. Kwanza aliondoa barua pepe na kila mlango ambao mashine ile ilikuwa inaukumbuka, picha za familia, paswadi za benki, hata jina la Mama Tepu mwenyewe. Akamwuliza tena kama mashine mpya ina kila kitu, na zaidi ya hapo akamtengenezea nakala nyingine ya akiba ndani ya kidude chenye paswadi, kwa sababu kazi inayofuata, alisema, haina samahani. Kisha akaanzisha programu ya kuandika tarakimu za ovyo juu ya diski nzima, kona kwa kona, mahali palipotumika na pasipotumika. Mstari mwembamba wa kijani ukaanza kutambaa kwenye skrini kwa mwendo wa konokono aliyeshiba. Ikawashwa asubuhi, na wakati wateja wa jioni wanaingia bado ilikuwa ikitambaa. Kila alipomaliza tundu la kifungo Mama Tepu alinyanyua shingo kuuangalia ule mstari. Alianza kuupenda. Ulikuwa mfanyakazi wa aina yake: haukuruka mahali, haukuongea.

Ulifika mwisho usiku, na kesho yake asubuhi mkamwana alirudi, akapanga mfumo mpya ndani, mtupu kama nyumba iliyopakwa rangi, akasema, "Tayari, mama. Muuzie hata mpelelezi."

"Bado," alisema Mama Tepu.

"Bado nini?"

"Mshono hauaminiki mpaka uvutwe."

Mkamwana alidhani ni mzaha. Lakini Mama Tepu alikuwa na kanuni hii tangu ujana: hakuna nguo iliyotoka mlangoni mwake kabla hajaishika huku na huku na kuivuta kwa nguvu zote, na afadhali ichanike mkononi mwake kuliko mwilini mwa mtu kanisani. Akaifunga ile laptopu kwenye khanga, akaiweka kwenye kikapu. Akatumbukiza na mkasi mkubwa wa kukatia.

"Mkasi wa nini?"

"Nakwenda kwa Mfufuaji."

Mfufuaji alikuwa fundi wa simu na kompyuta karibu na kituo cha mafuta, mtu aliyesifika kwa kurudisha uhai wa vitu vilivyozama chooni. Sifa zake zilikuwa za kweli. Alikuwa amewahi kurudisha picha za harusi kutoka kwenye kompyuta iliyoungua jikoni, na mwenye harusi akalia kaunta nzima ikalowa. Kama kulikuwa na mtu wa kuyazoa maji yaliyomwagika, ni huyo.

"Na akifanikiwa je?" mkamwana alinong'ona walipokuwa wakitembea, kwa maana alikataa kumwacha aende peke yake. "Mama, si atasoma yeye?"

"Nitakaa ubavuni mwake. Nikiona herufi moja, nakata waya."

Mfufuaji aliwapokea kwa heshima. Kaunta yake ilikuwa imejaa simu zilizolazwa kwenye bakuli za mchele. Mama Tepu alijitahidi kuweka uso wa msiba. "Mwanangu, nimefuta kazi yangu ya maisha kwa bahati mbaya. Naomba unirudishie."

"Shikamoo, mama. Ondoa wasiwasi. Kwangu hakifi kitu."

Sentensi ile ilimkata Mama Tepu maini. Akavuta stuli, akaketi ubavuni pa Mfufuaji kama muuguzi, mkono ndani ya kikapu, vidole kwenye mkasi. Mfufuaji alifungua skrubu, akatoa diski, akaiunga kwenye mashine yake, akaiamuru itafute. Akangoja akipiga mluzi. Baada ya muda mluzi ukapungua. Akabadilisha programu. Akabadilisha tena. Mluzi ukaisha kabisa, na paji lake likajikunja kama kola mbaya.

"Mama, hapa kuna mfumo mpya tu, basi," alisema hatimaye. "Kwa kawaida huwa naona hata vipande. Nusu ya picha. Mkia wa barua. Hii haina hata makombo."

"Tafuta vizuri, mwanangu," alisema Mama Tepu, vidole bado kwenye mkasi.

"Nimetafuta kuliko vizuri. Pole sana. Kwa kweli aliyefuta hii hakufuta kwa bahati mbaya. Ni mtu anayeijua kazi yake barabara. Wengi wanajidai, lakini mimi kazi kama hii sijaiona hapa kwetu."

Sasa mwulize mtu yeyote wa mtaa ule: Mama Tepu hakuwahi kutoa siri. Alibembelezwa, alipewa chai, alitegwa kwa maswali ya kuzunguka, hakutoa. Lakini hapo kwenye stuli, mbele ya bakuli za mchele, alihisi kitu kinampanda kutoka tumboni, kinapita kifuani, kinafika kooni, na hakukuwa na pini ya kukizuia.

"Ni mkamwana wangu huyu," alisema. "Yeye ndiye aliyeifuta."

Mfufuaji aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwa hiyo mlijua imefutwa kwa makusudi."

"Tulijua."

"Na mmeniachia nusu siku nachimba kaburi lisilo na maiti."

"Wewe ndiye bingwa," alisema Mama Tepu. "Ningekwenda kwa nani mwingine?"

Hapo ndipo mkamwana alipoangua kile kicheko chake, na simu mbili kwenye kaunta zikaruka kwenye mchele, na Mfufuaji, aliyekuwa ameamua kukasirika, akashindwa. Mama Tepu alimlipa kazi yote kana kwamba amefaulu, na njiani kurudi alitembea hatua moja nyuma ya mkamwana wake ili watu wamwone vizuri.

Redio alichukua laptopu yake siku iliyofuata, akaikumbatia. Mama Tepu alimwonya tu kuhusu kitufe cha M.

Muda ukapita. Ikaja siku mwalimu mkuu alihitaji suti ya sherehe ya kufunga shule, akaingia nyuma ya pazia. Nje, mkamwana alikuwa amekaa mbele ya mashine mpya akimwekea mama mkwe wake programu fulani, na kwenye benchi alikuwapo Redio, ambaye alidai amekuja kwa ajili ya zipu.

"Laptopu uliyoniuzia, shoga," Redio alisema kwa sauti ya kupenya pazia, "mwanangu ameichokonoa wiki nzima. Wala picha ya paka hakuna. Uliiosha kwa maji ya moto nini?"

"Nauza vitu visafi," Mama Tepu alijibu kutoka ndani.

Redio akasogea kwa mkamwana, akashusha sauti, ingawa sauti ya Redio hata ikishuka hufika. "Wewe binti ndiye unayeshughulika na hizi mashine. Lazima umeona mambo. Hebu niambie mimi tu, huyu wifi yangu ana nini? Ni mtu wangu, namwonea uchungu."

Nyuma ya pazia mwalimu mkuu alikaza mabega. Mama Tepu alishika pini mdomoni na hakupumua.

Mkamwana alicheka. Alicheka kile kicheko chake chote, cha mitaa miwili. "Mimi, mama? Mimi hata kifungo sijui kushona, waulize. Nilishona mfuko wa mume wangu ukafungwa kama bahasha." Akaanza kusimulia habari ya lile shati, na kuinogesha, akaeleza jinsi mume alivyokuwa akihangaika na kitambaa mbele ya bosi wake, mpaka Redio mwenyewe akawa anajipiga mapaja kwa kucheka na kusahau alichokuwa akichimba. Mama Tepu akaelewa sasa. Miaka yote alikuwa akikiona kile kicheko kama mlango uliosahauliwa wazi. Kumbe kilikuwa pazia.

"Yule anajua?" mwalimu mkuu aliuliza kwa kunong'ona.

Mama Tepu alitoa pini mdomoni. Hakutaka kumdanganya mwanamke huyu. "Anajua. Kosa langu, si lake. Alijua kabla ya ile mashine kuuzwa."

"Zamani zote hizo?"

"Zamani zote hizo. Umesikia neno?"

Mwalimu mkuu alifikiri. Nje, Redio alikuwa akiomba arudiwe sehemu ya bosi. "Sijasikia," alisema.

"Basi huyo ni mtu wangu," alisema Mama Tepu, na sauti ilimtetemeka kwa fahari, wala hakujaribu kuificha. "Huyo ni wa nyumba hii."

Mwalimu mkuu alinyoosha mgongo kama anavyofanya mbele ya watoto. Kisha akasema, "Mwite. Aje ajifunze kupima. Wewe macho yako yamechoka, mwaka jana uliniongezea mkono wa kulia."

Mama Tepu hakuwa amemwongezea mkono wowote, na wote wawili walilijua hilo. Alifungua pazia kiasi cha mtu mmoja, akamwita mkamwana wake, na kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona kikatokea: akaitoa ile tepu shingoni mwake, akamvisha.

Yeye akatoka, akaketi mbele ya mashine mpya, akaigeuzia ukutani. Redio aliitazama shingo yake tupu kana kwamba Mama Tepu ametoka bila kichwa. Nyuma ya pazia zilisikika pini, sauti ya chini ya mwalimu akielekeza, mkono ukinyanyuliwa. Mama Tepu alingoja, vidole juu ya vitufe. Hakuwa amemfundisha binti chochote.

"Kiuno," mkamwana akatangaza kwa sauti ya kufika mpaka mlangoni, "ishirini na tisa."

Redio akaguna kwa husuda. Mama Tepu akaandika thelathini na moja.